Daftari linasema tuna faida, sanduku linakataa: tugawane nini?

SWALI

Kwa washauri wa safu,

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Tuko wanawake 22, sote wafanyabiashara wadogo: wamo washonaji, wenye saluni, wauza nguo na wenye vibanda vya mboga. Mzunguko wetu ni wa wiki 52, mwishoni tunagawana pesa kwa hisa, na sasa tumemaliza wiki ya 44. Hisa moja ni 2,000, na kila mkutano mtu hununua kuanzia hisa moja hadi tano. Mkopo hautakiwi kuzidi mara tatu ya akiba ya mtu, hulipwa ndani ya miezi mitatu, na riba ni asilimia 5 kwa mwezi. Kila mmoja pia hutoa 500 kwa wiki ya mfuko wa jamii.

Kwa mujibu wa daftari la katibu, tumenunua hisa 2,900, yaani 5,800,000. Riba ni 1,150,000 na faini 50,000, jumla 7,000,000. Katibu amegawa kwa 2,900 akatutangazia kuwa kila hisa itatoka na 2,413. Watu wameshaanza kupanga matumizi.

Tatizo ni kwamba sandukuni nimehesabu 1,574,000 tu. Humo kuna na pesa za mfuko wa jamii, ambazo zimechanganywa na nyingine. Mikopo iliyoko nje ni 5,600,000. Wakopaji 13 wanarejesha vizuri, wana 3,220,000. Wengine wanne wana 2,380,000 na hawajaleta kitu tangu walipokopa, kati ya wiki ya 22 na ya 28. Kila mwezi katibu hufunga mkopo wao wa zamani na kuandika mpya, riba ikiwa imejumlishwa humo humo. Mkopo halisi waliochukua ni 1,950,000. Zile 430,000 zilizobaki ni riba juu ya riba. Mmoja wa hao wanne ni mama mwenyekiti, aliyechukua 700,000. Mwingine alichukua 600,000 akanunua cherehani ya kudarizi, na kuna wanachama wanaosema twende tukaibebe. Wawili waliobaki walichukua 400,000 na 250,000.

Wapo pia wawili wanaotaka kununua hisa 60 kwa mpigo ili kufidia wiki walizokosa, na mmoja anasema tuachane na haya yote tufanye upatu. Funguo zote tatu za sanduku anazo mama mwenyekiti kwa sababu huwahi kufika, na vitabu vya wanachama hukaa nyumbani kwa katibu. Wengine hunitumia michango kwa simu yangu.

Zimebaki wiki nane. Siku ya kugawana ikifika na pesa zisitoshe, mimi ndiye nitakayeulizwa. Nifanyeje?

Mweka hazina asiyelala

JIBU

Dada mweka hazina,

Kwanza wafute watu ile 2,413 vichwani, na ufanye hivyo mkutano huu unaokuja, usingoje wiki ya 52. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Riba huwa faida siku inapohesabiwa mezani ikaingia sandukuni. Kabla ya hapo ni deni kama madeni mengine, na deni la mtu asiyelipa halina tofauti na hewa.

Tukuonyeshe kitakachotokea mkigawana kwa daftari. Kabla ya yote, toa mfuko wa jamii kwenye hesabu. Wanachama 22 kwa 500 kwa wiki 44 ni 484,000. Hukutuandikia mlichotoa kwa misiba na wagonjwa, kwa hiyo tuchukue mfano kwamba mmetoa 310,000. Wewe weka tarakimu yako halisi. Zinabaki 174,000, na hizo si za hisa. Kwa hiyo katika 1,574,000 uliyohesabu, pesa ya mikopo ni 1,400,000. Ongeza 3,220,000 za wale 13 wanaolipa vizuri, unapata 4,620,000. Hicho ndicho kiasi ambacho kikundi kitakuwa nacho mkononi iwapo wale wanne hawataleta hata senti. (Riba watakayolipa wale 13 katika wiki hizi nane na hisa mpya hatujaziweka, zikiingia zitasogeza tarakimu, ila hazitabadili picha.)

Sasa anza kulipa 2,413 kwa hisa, mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mtalipa hisa 1,914 na sanduku litakauka. Hata mkiwaweka kando wale wanne na hisa zao 520 (tumezikadiria hivyo kwa mfano, utatazama vitabu vyao), bado hisa 466 za watu wasiodaiwa kitu zitakuwa hazijaguswa. Waliokaa mwisho wa foleni ndio watakaokuwa wamewalipia waliokaa mwanzo faida ambayo haikuwahi kuwapo. Vikundi vingi huvunjika hapo, na huvunjika kwa kelele, na mweka hazina huitwa mwizi ilhali hakuchukua kitu.

Njia ya haki ni kupiga hesabu kwa pesa iliyopo. Gawa 4,620,000 kwa hisa zote 2,900, unapata 1,593. Yaani mtu aliyeweka 2,000 anarudishiwa pungufu ya alichoweka. Hapo mtashtuka, na ni vizuri mshtuke mapema. Lakini si haki wadaiwa wagawane na wasiodaiwa, kwa hiyo hatua inayofuata ni kukata hisa za wale wanne kwenye deni lao. Hisa 520 kwa bei ya kununulia ni 1,040,000. Zihesabiwe kwa 2,000, bila faida, kwa sababu faida imekwama kwenye mikono yao wenyewe. Zinabaki hisa 2,380. Gawa 4,620,000 kwa hizo: 1,941 kwa hisa.

Tazama tulipofika. Hasara imeshuka hadi 59 kwa hisa. Ili kila asiyedaiwa arudishiwe 2,000 yake kamili zinahitajika 4,760,000, na mna 4,620,000. Pengo ni 140,000 tu. Hiyo ndiyo tarakimu ya kubandika ukutani kwa wiki nane zijazo. Wadaiwa wanne, baada ya kukatwa hisa zao, bado wanadaiwa 910,000 ya mkopo halisi. Wakileta 140,000 kwa pamoja, hakuna aliyepoteza akiba. Wakileta zote 910,000, kila hisa inatoka na 2,323, na hapo hata hamjaigusa ile 430,000 ya riba juu ya riba.

Kuhusu hiyo 430,000, maoni yetu ni haya: itoeni kwenye jumla leo hii, iandikwe ukurasa wake peke yake, na katibu aache kabisa kugeuza mikopo, yaani kufunga wa zamani na kuandika mpya. Mkopo uliopitisha miezi mitatu usizidi kunenepa; unapaswa kusomwa kwa jina kila mkutano kama mkopo uliochelewa. Kuugeuza kunaficha ugonjwa. Daftari linaonyesha mkopo wa mwezi mmoja, msafi, kumbe ni mkopo wa miezi mitano usiolipwa. Katibu wenu pengine hakukusudia ubaya, alitaka tu kurasa zilingane, lakini matokeo ni kwamba wanachama 18 wameishi miezi kadhaa wakiamini wana pesa wasizonazo.

Sasa mama mwenyekiti. Jambo hili ndilo gumu kuliko hesabu zote, na ndilo litakaloamua kama hao wengine watatu watalipa. Mdaiwa mdogo akiona mkubwa wake hasumbuliwi, naye anakunja miguu. Usimshtukize mkutanoni. Mwendee nyumbani kwake siku mbili kabla, wewe na makamu au mwanachama mmoja mtu mzima anayemheshimu, mkiwa na karatasi yenye hesabu hii. Mkutanoni yatoshe kusema: "Mama mwenyekiti, kwa heshima yako, ajenda ya mikopo iliyochelewa inakugusa, tunaomba makamu atuongozee sehemu hiyo." Si tusi, ni taratibu ya kawaida kwamba kiongozi hasimamii jambo linalomhusu mwenyewe. Katika mfano wetu ana hisa 180, yaani 360,000, hivyo baada ya kukatwa atabaki na 340,000 ya kulipa. Kwa wiki nane ni 42,500 kila wiki. Akikubali, iandikwe na asaini. Akisema hawezi, aseme anaweza kiasi gani, lakini aseme mbele ya watu na tarehe itajwe. Ahadi ya "nitaangalia" haiandikwi.

Wale wengine nao kila mmoja na karatasi yake: mkopo halisi, hisa zinazokatwa, kinachobaki, kiasi cha kila wiki. Mkiwa na wadhamini walioandikwa katika katiba yenu, waiteni sasa hivi. Mdhamini anayeambiwa siku ya kugawana kwamba hisa zake zimezuiwa kwa deni la mwenzake ana haki ya kukasirika; anayeambiwa wiki nane kabla ataamka asubuhi kumfuata mdaiwa wake. Kama katiba haikutaja wadhamini, msiwabambikie leo.

Cherehani msiibebe. Kwanza, kuingia kwa mtu na kuchukua mali yake bila amri ya mahakama kunaweza kuwageuza ninyi kuwa washtakiwa. Pili, mkiiuza cherehani iliyotumika, tena kwa haraka, mtapata sehemu tu ya bei iliyonunuliwa, na mtakuwa mmeng'oa mti unaotarajiwa kuzaa hiyo pesa. Tuseme cherehani ile inamwingizia mwenye nayo 40,000 kwa wiki baada ya kutoa nyuzi, umeme na kodi ya banda. Nusu inakwenda kwa watoto na chakula. Inabaki 20,000 ya kulipa deni. Kwa wiki nane hiyo ni 160,000, ambayo peke yake inaziba lile pengo la 140,000 na kuzidi. Muulizeni tarakimu zake halisi, mketi naye na daftari la oda zake, mpange. Deni lake litabaki, naye aingie mzunguko ujao akiwa analipa tu, bila kukopa, hadi amalize.

Na hapo hapo kwenye cherehani ndipo chanzo cha yote kinapoonekana. Wakati anakopa alikuwa na hisa kama 100, akiba ya 200,000. Mara tatu ni 600,000, akapewa yote, kanuni ikafuatwa. Lakini hakuna aliyeuliza cherehani inaingiza nini kwa wiki. Mkopo wa 600,000 kwa miezi mitatu, riba asilimia 5 kila mwezi, unarudi 690,000. Katika wiki 12 mwenye 20,000 za kulipa anapata 240,000. Alikuwa ameshindwa kabla hajatoka mlangoni, hata kama angekuwa malaika. Angehitaji wiki 35 hivi.

Mara tatu ya akiba ni dari ya mkopo, si kipimo chake. Kipimo ni biashara. Kabla ya kuidhinisha, mkopaji asimame ajibu maswali manne mbele ya wote: unanunua nini, pesa hiyo itazunguka kwa siku ngapi kabla haijarudi mkononi, kwa wiki unabakiwa na kiasi gani baada ya gharama za biashara na za nyumbani, na biashara ikiyumba utalipia wapi. Kisha mzidishe kiasi cha wiki kwa 12. Mshonaji wetu angepata 240,000, na mkopo unaoingia humo ni 200,000, ambao pamoja na riba unarudi 230,000. Mwenye kibanda cha mboga anayegeuza mzigo wake kila baada ya siku tatu anaweza kubeba mkopo mkubwa kuliko mshonaji mwenye hisa nyingi kumzidi, kwa sababu pesa yake inarudi haraka. Kifaa kinachokaa miaka hakifai kununuliwa kwa mkopo wa miezi mitatu. Mtu anayekitaka ajiwekee hisa mzunguko mzima, akinunue kwa mgao, au akope sehemu ndogo tu ya kukamilishia bei.

Hisa 60 za mpigo: hapana, na sababu ni hesabu wala si roho mbaya. Hata tukilifuata lile daftari la katibu, hisa 60 zingeingia kwa 120,000. Jumla ingekuwa 7,120,000 kwa hisa 2,960, sawa na 2,405 kwa hisa. Wangetoka na kama 144,300. Hiyo 24,300 ya ziada wamezalishiwa na nani? Pesa yao haikukopwa na mtu, haikukaa sandukuni wakati wenzao wanahatarisha yao tangu wiki ya kwanza. Inatoka kwenye mifuko ya waliokuwa wakinunua hisa moja moja mwaka mzima. Wiki ukiikosa imekwenda. Kiwango cha hisa tano kwa mkutano kiliwekwa kwa ajili ya jambo hili hili, ili mwenye nazo asimeze kikundi mwishoni.

Funguo na vitabu. Hapa hatutakuwa na upole. Mtu mmoja kushika funguo tatu ni sawa na sanduku kutokuwa na kufuli. Zigawieni mkutano ujao kwa wanawake watatu ambao si viongozi, hawatoki nyumba moja, na hakuna hata mmoja anayelaza sanduku kwake. Asiyefika ampe ufunguo mwanachama mwingine aulete. Mkutano usipofunguka kwa sababu ya ufunguo, apigwe faini. Vitabu vya wanachama vikae ndani ya sanduku, vikifungiwa humo pamoja na pesa, vitoke siku ya mkutano tu. Kikikaa kwa katibu, kinaweza kuongezwa hisa usiku. Kikikaa kwa mwanachama, naye anaweza vilevile, au kitaloa na kupotea. Pigieni hisa muhuri badala ya kuandika kwa kalamu, na nafasi zisizonunuliwa zichorwe mstari pale pale mezani.

Mfumo huu wa sanduku mnaoutumia ulianzia Niger mwaka 1991, ulipoanzishwa na shirika la CARE kwa wanawake wa vijijini ambao wengi hawakujua kusoma. Hawakuwa na daftari la kuwadanganya. Pesa zilihesabiwa kwa sauti na salio likashikwa kichwani na kila mmoja hadi mkutano ufuatao. Rudisheni desturi hiyo juu ya daftari lenu. Mwisho wa mkutano wahesabu wawili wahesabu, wabadilishane, wahesabu tena. Salio la mikopo litangazwe, la jamii litangazwe, wote walirudie. Wiki inayofuata, kabla ya kufungua, ulizeni wanachama wawili bila kuwachagua mapema: salio lilikuwa ngapi? Wakikosea, faini ndogo. Dada, kinga yako wewe mweka hazina iko hapo. Ukiwa ndiye pekee unayejua kilichomo, lawama ni yako peke yako.

Mfuko wa jamii uwe na kifuko chake cha kitambaa, rangi tofauti, ndani ya sanduku hilo hilo. Haukopeshwi kwa riba na haugawanywi kwa hisa, maana kila mtu ametoa sawa.

Kuhusu wiki nane zilizobaki. Wiki ya 45, someni kila mkopo kwa jina, kitabu cha mwanachama kikiwa mkononi mwake, mlinganishe na daftari; pasipolingana, msiendelee hadi chanzo kijulikane. Kuanzia hapo msitoe mkopo usioweza kurudi wote kufikia wiki ya 50, na baada ya wiki ya 46 msitoe kabisa. Wale wakopaji 13 wazuri nao waambiwe mwisho wao ni wiki ya 50, kwa sababu mtu mzuri hujisahau mwishoni: anajiambia "si watanikata kwenye mgao", akaacha kulipa. Watatu wakifanya hivyo sanduku halina pesa taslimu ya kuwapa wasio na mikopo. Wiki ya 51 ni ya kuhesabu tu, kwa majaribio, tarakimu itangazwe ili hasira, kama zipo, zimalizike kabla ya pesa kufika mezani. Wanunuzi wa hisa waendelee kama kawaida, moja hadi tano.

Siku ya mgao yenyewe, fuateni mpangilio huu. Mfuko wa jamii hutolewa kwanza na kuwekwa kando. Halafu wadaiwa hukatwa hisa zao, karatasi zao zikisomwa. Halafu pesa yote iliyo mezani huhesabiwa na kugawanywa kwa hisa zilizobaki. Shusheni jibu hadi tarakimu mnayoweza kuilipa bila kuhangaikia chenji. Ikitoka 2,323 lipeni 2,320, na kinachobaki kitupwe kwenye mfuko wa jamii. Kila kitabu kiwekwe chini, pesa ya mwenyewe iwekwe juu ya kitabu chake, mmoja baada ya mwingine, na asichukue mtu hadi vitabu vyote viwe na pesa. Pesa zikipungua kabla ya kitabu cha mwisho, mmekosea kuhesabu hisa, na bado kila kitu kiko mezani cha kusahihisha. Wakishaanza kuchukua, hakuna tena cha kusahihisha. Kisha futeni hisa zote kwa mstari mwekundu, vitabu vianze upya.

Upatu si mbaya, ila ni kitu kingine. Kila mmoja hutoa sawa na anachukua mmoja kwa zamu. Hakuna riba, hakuna salio la kuibiwa. Lakini zamu yako ikifika huna haja na pesa, au una haja nayo na zamu bado, umekwama. Zaidi ya hapo, upatu hauondoi deni la hao wanne. Mkikimbilia huko sasa mtakuwa mmewasamehe bila kutamka.

Michango kwa simu yako, ikomeshe leo. Salio la simu yako likichanganyika na la kikundi, hata wewe mwenyewe baada ya miezi miwili hutaweza kulitenganisha. Asiyeweza kufika atume kwa mwanachama mwenzake, gharama za kutoa ziwe zake, na huyo mwenzake aje na noti mkononi aziweke mezani zihesabiwe na wote. Zilizomo kwenye simu yako sasa hivi, zitoe kabla ya mkutano, uchapishe orodha ya miamala tangu wiki ya kwanza, na uende nazo pamoja na karatasi za hesabu. Ukishaonyesha ya kwako kwanza, itakuwa rahisi kumwomba mama mwenyekiti aonyeshe ya kwake.